Namna ya Kuandika Maisha ya Uchezaji ya Beki wa Futiboli ya Kiaustralia wa Miaka ya 1940 na 1950

Mshambuliaji huacha namba nyuma yake, na beki huacha kimya. Anayetaka kuandika habari za John Coleman, mshambuliaji wa klabu ya Essendon ya Melbourne, hana kazi kubwa ya kutafuta pa kuanzia, kwa kuwa magoli 537 katika michezo 98, kati ya mwaka 1949 na 1954, yanajieleza yenyewe. Lakini anayetaka kuandika habari za mtu aliyesimama mgongoni mwa Coleman alasiri nzima ya Jumamosi, katika matope ya majira ya baridi ya Melbourne, atakuta kwenye rekodi idadi ya michezo, pengine goli moja au mawili ya bahati, na tarehe ya kuzaliwa. Hesabu za mateke, midako na pasi za kila mchezaji katika ligi kuu ya jimbo la Victoria zinapatikana kwa mpangilio kuanzia msimu wa 1965 tu. Kabla ya hapo, mtu aliyepangua mipira 15 kwa ngumi na mtu aliyesimama tu bila kufanya lolote wanafanana kabisa kwenye jedwali.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvuka kimya hicho. Hoja yangu ni moja: beki wa zama hizo hasomeki kwa yale aliyoyafanya peke yake, bali husomeka kupitia mtu aliyekuwa akimkaba. Kila hatua ya utafiti inapaswa kurudi kwenye swali hilo la nani alimkaba nani, lini, na kwa matokeo gani.

Ujue kwanza mchezo wenyewe ulivyokuwa

Usianze kuandika kabla hujaelewa kazi ya beki kwa kanuni za wakati wake, kwa sababu mchezo unaochezwa leo umebadilika sana. Kila upande ulikuwa na wachezaji 18 uwanjani, nao walipangwa katika mistari ya watu watatu watatu. Mabeki walikuwa sita: mstari wa mwisho ulio karibu na goli, wenye beki wa kati na mabeki wawili wa pembeni, na mstari wa mbele yake wenye mpangilio huohuo. Kila mmoja wao alikuwa na mpinzani wake, na alitarajiwa kukaa naye mpaka mwisho wa mchezo. Mfumo wa kukaba eneo na kuhamahama, ambao mtazamaji wa leo ameuzoea, haukuwa desturi.

Goli lenyewe lina nguzo nne, na kila nafasi kati ya nguzo mbili ilikuwa na upana wa yadi 7. Mpira uliopigwa kwa mguu na kupita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati ulihesabiwa goli na kuleta pointi 6, na uliopita pembeni mwa nguzo hizo, au ulioguswa na beki kabla ya kuvuka mstari, ulileta pointi 1. Hapa ndipo palipo na siri ya ubeki. Hakuna kipa wala mwamba wa juu, na mpira unaweza kupita kwa urefu wowote, hivyo beki alilinda yadi 21 kwa mwili, kwa ngumi na kwa akili ya kumsukumia mpinzani kwenye pembe mbaya. Kumruhusu mpinzani apate pointi 1 mahali ambapo angepata 6 kulikuwa ushindi mdogo, na ushindi mdogo wa namna hiyo ukirudiwa mara kumi katika mchezo mmoja ndio uliomfanya kocha alale usingizi.

Baada ya pointi hiyo moja, mpira ulirudishwa mchezoni kwa teke kutoka mbele ya goli, na kazi hiyo kwa kawaida ilikuwa ya beki wa kati wa mwisho, ambaye alilazimika kusubiri mwamuzi wa goli amalize kupeperusha kibendera chake. Ndiyo maana ripoti za zamani hutaja mara kwa mara urefu wa teke la beki. Fred Hughson, nahodha na kocha wa Fitzroy iliyotwaa ubingwa wa mwaka 1944, alisifika kwa teke refu, na sifa hiyo ilikuwa na uzito wa kiufundi: teke fupi liliurudisha mpira mikononi mwa wapinzani wakiwa hatua chache tu kutoka golini. Teke lenyewe mara nyingi lilikuwa lile la kuuachia mpira uguse ardhi na kuupiga papo hapo unapodunda, ambalo lilihitaji ustadi mkubwa kwenye uwanja uliolowa.

Mambo mengine mawili ya kanuni yanahitaji kukaa kichwani. La kwanza ni kwamba mwamuzi wa kati alikuwa mmoja tu hadi mwaka 1976, na mtu mmoja hawezi kuona kinachotokea mita 100 nyuma yake, kwa hiyo viwiko, mashati yaliyovutwa na maneno makali vilikuwa sehemu ya kazi ya beki na ya mpinzani wake pia. La pili ni kwamba wachezaji wa akiba walikuwa wachache: mmoja tangu mwaka 1930 na wawili tangu mwaka 1946, na aliyetoka hakurudi. Beki aliyeumia mguu katika robo ya kwanza mara nyingi aliendelea kuchechemea uwanjani, na magoli aliyofungwa baada ya hapo hayapaswi kuandikwa kana kwamba alikuwa mzima.

Jenga mifupa kabla ya nyama

Sasa kusanya yale machache yaliyo wazi: vilabu, misimu, idadi ya michezo, namba ya jezi, fainali. Ligi ya Futiboli ya Victoria, maarufu kwa herufi VFL, ilikuwa na vilabu 12 tangu mwaka 1925, vyote vya Melbourne na viunga vyake isipokuwa Geelong. Msimu wa miaka ya 1950 ulikuwa na raundi 18, kisha timu nne za juu ziliingia katika fainali za mwezi Septemba, zilizoishia kwa fainali kuu iliyoamua bingwa. Namba hizi zinakupa kipimo. Ukiambiwa kwamba Bernie Smith alicheza michezo 183 kwa Geelong kati ya mwaka 1948 na 1958, usiishie kuiona kuwa ni ndogo ukilinganisha na wachezaji wa leo. Piga hesabu: misimu hiyo 11 ilikuwa na takriban raundi 200 za kawaida, ukiacha fainali. Mtu huyo hakukosekana mara nyingi, na kwa beki anayegongana na watu wazito kila wiki, huko kuwepo kwenyewe ni habari.

Mapengo ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi kuliko namba. Pengo la kati ya mwaka 1940 na 1945 huenda ni la vita, na Hifadhi ya Taifa ya Australia inatunza kumbukumbu za utumishi wa wanajeshi wa Vita Kuu ya Pili, nyingi zikiwa zimewekwa mtandaoni. Kama beki wako alikuwa wa Geelong, kumbuka kwamba klabu hiyo haikushiriki ligi katika misimu ya 1942 na 1943 kwa sababu ya vikwazo vya usafiri, hivyo kukosekana kwake hakuhitaji maelezo ya jeraha wala ya ugomvi. Pengo jingine linaweza kuwa ligi pinzani, yaani Chama cha Futiboli cha Victoria, ambacho tangu mwaka 1938 kiliwavuta wachezaji wa VFL bila vibali vya uhamisho mpaka makubaliano yalipopatikana mwaka 1949. Na pengo la wiki mbili tatu mara nyingi maana yake ni kwamba aliteremshwa kwenye kikosi cha pili, jambo ambalo familia hupenda kulisahau na magazeti hulikumbuka.

Mtafute mtu aliyekabwa

Hii ndiyo sehemu ndefu ya kazi, na ninakushauri uipe nusu ya muda wako wote. Chanzo kikuu ni magazeti. Maktaba ya Taifa ya Australia imeyaweka magazeti mengi ya zamani katika hazina yake ya mtandaoni iitwayo Trove, na gazeti la The Argus la Melbourne linasomeka humo hadi lilipofungwa Januari 1957. Usitafute kwa jina la mchezaji peke yake, kwa kuwa jina kama Smith litakuzamisha katika matangazo ya vifo na ya mnada wa ng'ombe. Tafuta kwa tarehe. Chukua ratiba ya msimu, fungua gazeti la siku moja kabla ya mchezo, na usome orodha za vikosi, ambazo zilichapishwa kwa mistari: mabeki, mabeki wa mbele, viungo, washambuliaji. Mwenye kuziweka orodha mbili sambamba, ya timu moja ikianzia nyuma na ya nyingine ikianzia mbele, ataona jozi za wapinzani papo hapo.

Halafu fungua gazeti la Jumatatu na uhakiki. Orodha ni mpango tu, wala si ushahidi wa kilichotokea; kocha angeweza kubadilisha nafasi dakika ya kwanza, au kumhamisha beki baada ya mapumziko kwa kuwa ameelemewa. Mwandishi wa ripoti ya Jumatatu kwa kawaida alimtaja beki katika hali mbili: aliposhinda waziwazi na aliposhindwa waziwazi. Asipotajwa kabisa wakati mpinzani wake amefunga goli moja, kimya hicho ni sifa. Asipotajwa wakati mpinzani amefunga saba, ni huruma ya mwandishi.

Coleman ni kipimo kizuri kwa beki yeyote wa kati wa mwisho aliyecheza kati ya mwaka 1949 na 1954. Gawanya 537 kwa 98, utapata wastani wa magoli matano na nusu kwa mchezo. Kwa hiyo beki aliyefungwa naye magoli manne alikuwa na siku nzuri kuliko wenzake wengi, hata kama ripoti inalalamika. Kumbuka pia kwamba katika mchezo wake wa kwanza kabisa, dhidi ya Hawthorn mwaka 1949, alifunga magoli 12, na kwamba goli lake la 100 la msimu huo alilifunga kwenye fainali kuu. Beki aliyekumbana naye katika mwaka wa namna hiyo anastahili kupimwa kwa mizani ya mwaka huo.

Mfano wa mwaka 1951 unaonyesha kwa nini swali la mpinzani haliwezi kurukwa. Geelong ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Essendon kwa pointi 81 dhidi ya 70. Anayesoma matokeo pekee ataisifu safu ya ulinzi ya Geelong kwa kuizuia timu iliyokuwa na mfungaji hatari kuliko wote. Lakini Coleman hakuwepo. Katika raundi ya mwisho kabla ya fainali, yeye na Harry Caspar wa Carlton walishtakiwa kwa kupigana, na wote wawili wakafungiwa michezo minne. Hilo halifuti kazi ya mabeki wa Geelong siku ile, ila linabadilisha sentensi unayoweza kuiandika juu yao kwa haki. Afadhali uandike kwamba walishinda mbele ya Essendon iliyopungukiwa kuliko kuandika kwamba walimnyamazisha mtu ambaye siku hiyo alikuwa jukwaani.

Soma ubao wa matokeo kama beki

Matokeo ya mchezo huu huandikwa kwa namba tatu: magoli, pointi moja moja, na jumla. Mwandishi wa washambuliaji hutazama ya kwanza na ya mwisho. Wewe tazama ya kati. Katika fainali kuu ya mwaka 1947, Carlton ilifunga 13.8, yaani 86, na Essendon 11.19, yaani 85. Mwaka uliofuata Essendon ilipata 7.27, yaani 69, dhidi ya 10.9 ya Melbourne, ambayo pia ni 69, na hiyo ikawa fainali kuu ya kwanza kumalizika kwa sare. Melbourne ikashinda mchezo wa marudio kwa 89 dhidi ya 50. Katika fainali hizo mbili Essendon ilipata nafasi nyingi zaidi na haikuutwaa ubingwa.

Je, hiyo ni kazi ya mabeki au ni miguu mibovu ya washambuliaji? Ubao hauwezi kujibu. Pointi 27 zinaweza kutokana na mipira iliyopigwa kutoka pembeni kwa sababu mabeki walifunga njia ya kati, au na mipira iliyoguswa na ncha ya kidole mstarini, au na mtu aliyekosa akiwa peke yake mbele ya goli. Rudi kwenye ripoti na utenganishe. Mimi huwa na mashaka na mwandishi anayesema moja kwa moja kwamba timu ilijinyima ubingwa kwa kupiga ovyo, kwa maana ni nadra mtu kupiga ovyo kiasi hicho bila mtu mwingine kumsumbua.

Tuzo, na nani aliyezitoa

Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu iliyoanza mwaka 1924, hutolewa kwa kura za waamuzi, ambao baada ya kila mchezo hugawa kura 3, 2 na 1. Mwamuzi mmoja anayekimbia na mpira humwona zaidi mtu mwenye mpira, na kwa sababu hiyo medali kwa beki ina uzito wa pekee. Bert Deacon wa Carlton, aliyetoka klabu ya Preston, aliipata mwaka 1947 akicheza beki wa kati wa mstari wa mbele, na alikuwa wa kwanza wa klabu yake kuipata. Bernie Smith aliipata mwaka 1951 akicheza beki wa pembeni wa mwisho, nafasi ambayo haikuwahi kuitoa kabla yake.

Habari ya Smith inafaa kuchunguzwa zaidi kwa sababu inapinga dhana ya beki kama ukuta tu. Alitoka Australia Kusini, ambako alikuwa ameshatwaa ubingwa na West Adelaide mwaka 1947. Geelong, chini ya kocha Reg Hickey ambaye naye alikuwa beki mashuhuri wa klabu hiyohiyo, ilimweka nyuma pembeni, na kutoka huko akawa anauchukua mpira na kukimbia nao kuanzisha mashambulizi badala ya kuupiga tu mbali na hatari. Ukiandika juu ya beki wa aina hii, usitosheke na magoli aliyozuia. Fuatilia mashambulizi yaliyoanzia mikononi mwake.

Uwe mwangalifu na miaka ambayo medali haikutolewa, yaani 1942 hadi 1945, na pia na medali zilizotolewa baadaye. Verdun Howell, beki wa St Kilda kutoka Tasmania, alilingana kura na Bob Skilton wa South Melbourne mwaka 1959, akanyimwa kwa kanuni ya kuvunja sare iliyotumika wakati huo, kisha akapewa medali yake mwaka 1989 pamoja na wengine waliokosa kwa namna hiyohiyo. Ukiandika kwamba alishinda mwaka 1959 bila maelezo, umemvika mtu wa mwaka 1959 furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka 30.

Nje ya Brownlow, angalia kama alichezea jimbo lake. Mashindano ya majimbo yalifanyika Hobart mwaka 1947, Brisbane 1950, Adelaide 1953, Perth 1956 na Melbourne 1958, na kuanzia yale ya 1953 kikosi rasmi cha Australia nzima kilichaguliwa. Tuzo za ndani za klabu nazo ni muhimu, pengine kuliko zote kwa beki, kwa kuwa walioamua walikuwa watu waliomtazama kila wiki.

Riziki yake

Beki huyu alikuwa na kazi nyingine. Alifanya mazoezi jioni mara mbili kwa wiki baada ya saa za kazi, na Jumamosi alicheza. Ligi ilipitisha mwaka 1930 kanuni iliyoitwa Sheria ya Coulter, iliyoweka kikomo cha pauni 3 kwa mchezo, kiwango kilichopandishwa baadaye lakini kikabaki chini ya thamani ya nyota. Andika fedha kwa pauni, kwani dola ya Australia ilianza kutumika Februari 1966 tu. Kikomo hicho ndicho kinachoeleza kwa nini wengi waliondoka wakiwa bado na nguvu: vilabu vya mikoani havikubanwa nacho, na viliweza kumwajiri mchezaji kuwa kocha. Fred Fanning wa Melbourne alifunga magoli 18 katika mchezo wake wa mwisho mwaka 1947, rekodi ambayo haijavunjwa, kisha akaenda kufundisha na kucheza katika mji wa Hamilton. Ikiwa mfungaji wa magoli 18 aliona heri kuondoka, usishangae beki akiondoka akiwa na umri wa miaka 27, wala usikimbilie kuandika kwamba uwezo ulikuwa umeisha.

Kupanga maandishi

Ukishakusanya yote, usiyamwage msimu baada ya msimu. Msomaji atachoka kufikia mwaka wa tatu, kwa kuwa misimu ya beki hufanana. Chagua alasiri tatu au nne ambazo ushahidi wake ni mnene, na uziandike kwa kina: mchezo wa kwanza, siku aliyomshinda mpinzani mkubwa, siku aliyoshindwa na mpinzani huyohuyo, na fainali kama ipo. Siku ya kushindwa isiachwe. Beki ambaye hakuwahi kufungwa magoli mengi katika mchezo mmoja ama hakucheza muda mrefu, ama mwandishi wake anaficha jambo. Kati ya alasiri hizo, misimu mizima inaweza kupita katika sentensi mbili.

Nafasi alizocheza zieleze kwa maneno ya kawaida mara ya kwanza, kisha utumie neno moja hadi mwisho. Pointi ziandikwe kwa mtindo wao wa 13.8 na jumla yake, kwa kuwa bila ile namba ya kati ubeki hauonekani. Na unapomnukuu mtu aliyekumbuka mchezo miaka 40 baadaye, linganisha na gazeti la Jumatatu ile kabla ya kumwamini; kumbukumbu za wachezaji wa zamani hupunguza magoli waliyofungwa kwa uaminifu wa kushangaza.

Msimu wa mwisho uandikwe ulivyokuwa. Smith aliyetwaa ubingwa wa 1951 na 1952, na aliyekuwa katika Geelong iliyoshinda michezo 23 mfululizo kati ya mwaka 1952 na 1953, alimaliza mwaka 1958 katika timu iliyoshika mkia kwa msimu wa pili mfululizo. Heshima zilizokuja baadaye, kama kuteuliwa mwaka 1996 katika timu bora ya karne ya ligi, wakati yeye alikuwa ameshafariki tangu mwaka 1985, zitajwe baada ya hapo kwa sentensi moja yenye tarehe, ili msomaji asidhani kwamba mtu aliyekuwa akivua viatu vyake mwaka 1958 alikuwa tayari anazijua.